Mota Haipimwi Pipani

Waliniachia kabureta kwa sababu walidhani ni vyombo. Ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi, na nyinyi vijana mnaonisoma mlijue hilo mapema. Katika gereji yetu ya Muhima, hapa Kigali, kwenye mteremko wa kwenda Nyabugogo, wanaume ndio walionyanyua injini, wakalala chini ya magari na kupigana na boliti zilizoshika kutu. Kabureta ilikuwa kitu kidogo cha kulowekwa kwenye karai la petroli, kusuguliwa kwa mswaki na kuanikwa juu ya gazeti. Gaspari, patroni wetu, yaani mwenye gereji, alinitazama siku ya kwanza, akalitazama karai, akasema, "Huyu msichana wa Biryogo atatuoshea."

Nikaosha. Na katika kuosha nikajua kila tundu linakwenda wapi. Muda si mrefu hapakuwa na injini iliyotoka pale bila kupita mezani kwangu, na waliotaka kunirudisha kwenye karai waliikuta meza ina mwenyewe.

Juzi kijana mmoja wa Gatsata, fundi mzuri tu, aliniambia, "Mama, kabureta ni mambo ya makumbusho. Siku hizi kompyuta inapima yenyewe." Nikamuuliza inapima gari likiwa wapi. Akasema, likiwa limesimama gerejini. Nikamwambia akae chini, kwa sababu kosa ni lilelile, limebadilisha nguo tu.

Basi hii ni habari ya kosa hilo, na ya mwanamke wa Ziwa Muhazi ambaye nusura limpotezee kivuko chake. Ni ya mwaka wa tisini na mbili. Ya mwaka wa tisini na nne siyaandiki hapa. Si kwamba nimeyasahau. Nina majina ninayoyataja nikiwa peke yangu, na hayo nitakaa nayo mwenyewe. Hapa naandika kazi.

Aliyenifundisha mota za boti ni Mzee Rajabu, mtu wa Ujiji, aliyezeekea Biryogo nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ujana wake aliumaliza Ziwa Tanganyika, akifungua mota za wavuvi kwa mikono iliyolowa samaki. Alikuwa na tabia moja mbaya: ukikosea, hakusemi wewe, anaisemesha kabureta. "Pole, bibi," anaiambia, "umeangukia kwa watu wasiokujua." Unajikuta unaona haya mbele ya kipande cha chuma.

Alinifundisha kwamba sindano ya kurekebishia mafuta haikazwi kwa hasira. Unaizungusha ndani kwa vidole viwili mpaka ihisi kiti chake, basi, halafu unairudisha nje mzunguko mmoja na kidogo. Sirivesi, fundi mwenzetu mwenye kifua kama kabati, aliikaza kama kifuniko cha soda. Ncha ikachongeka pete, na tangu hapo mota ile haikukubali kutulia. Huyohuyo Sirivesi alizibua vitundu vya mafuta kwa waya wa breki ya baiskeli. Tundu linalozibuliwa kwa waya linapanuka, na likipanuka hulirudishi. Tumia mswaki, petroli safi na pumzi yako. Ikishindikana, unywele mgumu wa mkia wa ng'ombe. Msicheke. Nimeokoa kabureta nyingi kwa mkia wa ng'ombe.

Jingine alilonifundisha mzee ni kusikiliza. "Ikipiga chafya, ina njaa," alisema. "Ikitoa moshi na kubabaika, imevimbiwa." Akaongeza la mwisho, ambalo ndilo kubwa: "Usiisifu mota kwa kuwaka ikiwa baridi. Hata mlevi huamka vizuri asubuhi. Iendeshe mpaka ichemke, uizime, kisha uiwashe tena. Hapo ndipo utajua kabureta yako ni nzima au umejidanganya."

Sasa, gereji zote za Kigali zilipima mota za boti kwa namna moja. Tulijaza pipa maji, tukaning'iniza mota ukingoni, tukavuta kamba. Ikinguruma bila kukohoa, imepona, mwenyewe aichukue. Ziwa liko mbali, na fundi ana magari yanayomsubiri. Patroni alikuwa na msemo wake: "Fundi haifuati mota nyumbani kwake. Yeye si mama mkwe." Tulicheka, tukafuata.

Mama Kayitesi alifika gerejini asubuhi na ngorofani, lile toroli la gurudumu moja, na ndani yake mota kuukuu iliyofungwa kitenge kama mtoto mgonjwa. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, sauti yake imezoea kuita watu ng'ambo ya maji. Boti yake ilivusha watu wa Muhazi kwenda ng'ambo, sokoni na kwenye zahanati. Alizungumza Kiswahili cha sokoni, kile cha mji wetu, kisichojali sana sarufi lakini hakikosei shabaha.

"Hii mota iko kufa pale katikati, kila siku," alisema. "Hapa kwenu inaimba. Kule inanyamaza. Sasa mniambie: mota ndiyo inaogopa maji, ama ni nyinyi?"

Sirivesi aliifahamu ile mota. Alikuwa ameipima pipani zaidi ya mara moja. "Mama, nunua mpya. Hii hata babu yake alishakufa."

"Babu yangu pia alikufa. Mimi bado naendesha boti."

Patroni akatoka ofisini kusikia wanaocheka ni nani. Mama Kayitesi akamweleza, bila kulia na bila kubembeleza. Konseye, yaani diwani wa sekta yake, alikuwa amempa mpaka siku ya soko lijalo. Mota isipovusha watu siku hiyo, kivuko atapewa mfanyabiashara mmoja mwenye mota mpya. Mfanyabiashara huyo alikwisha sema atavusha siku za soko tu, kwa kuwa siku nyingine hazina faida.

"Na mgonjwa wa Jumanne?" nilimuuliza.

"Huyo angoje Ijumaa," alisema Mama Kayitesi. "Atauambia ugonjwa ungoje naye."

Nikaichukua mota, nikaiweka mezani kwangu.

Wakati ule vipuri vilikuwa adimu. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa vita, na mzigo ulikuja kwa kuzungukia Tanzania, ukija. Petroli nayo ilikuwa na maajabu yake. Ya kwenye madumu ilichanganywa na mafuta ya taa, na mafuta ya taa machafu yanaacha utando ndani ya kabureta, kama masizi ya sufuria. Nilipoifungua niliukuta utando huo kila mahali. Lakini haukuwa ndio ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa ulikuwa boya. Ndani ya bakuli la kabureta kuna boya dogo linaloelea juu ya petroli. Petroli ikijaa, boya linapanda na kuufunga mlango wa kuingilia. Ikipungua, linashuka na kuufungua. Kwenye mota za zamani boya hilo ni la kizibo, ule mti mwepesi wa kuzibia chupa, uliopakwa vanishi. Nililipima kwa kiganja tu, nikajua. Lilikuwa zito kama andazi lililolala kwenye chai. Vanishi imebanduka, kizibo kimekunywa petroli, boya haliwezi tena kupanda. Mlango unabaki wazi, mota inafurika. Ikiwa baridi inavumilia. Ikichemka inasongwa, inazimika, na kuwaka haikubali tena. Na wenzangu, walipoona moshi pipani, waliikaza sindano ili kuubana. Kwa hiyo mota ilikuwa imevimbiwa na kunyimwa chakula kwa wakati mmoja.

Boya la aina hiyo halikuwa linauzwa Kigali, si kwa amani wala kwa vita. "Chonga lingine," alisema Mzee Rajabu nilipompelekea lile bovu jioni. Alililiwaza kwanza: "Pole, bibi." Nikamuuliza nitapata wapi kizibo kizuri, kinene, kisicho na ufa. Akajikuna kidevu. "Tafuta wanaokunywa mvinyo."

Mimi ni Mwislamu wa Biryogo. Wanywaji wa mvinyo niliowafahamu walikuwa watu wa misa. Asubuhi nikaenda jikoni kwa mapadri, kwa mpishi wao Mama Beata, Mrundi mcheshi aliyekuwa akiniletea jiko lake la mafuta nilizibue.

"Mwajuma," alisema, "umekuja kuuliza mvinyo kwetu? Baba yako anajua?"

"Naomba vizibo tu."

"Ndivyo wanavyoanza wote."

Alinipa vizibo kutoka mkobani, alivyokuwa akivitunza kwa ajili ya kuzibia chupa za asali. Nikachagua viwili vilivyo sawasawa. Sirivesi akasema niviunganishe kwa gundi ya viraka vya tairi, akaonyesha mwenyewe kwa kizibo cha tatu, kwa kujiamini kabisa. Tulikitumbukiza kwenye kikombe cha petroli, tukaenda kula. Tuliporudi gundi ilikuwa uji. "Petroli ya siku hizi," alisema Sirivesi, akaondoka zake.

Fanyeni hivi. Chonga vizibo kwa wembe mpya, si kwa kisu, kisu kinararua. Viunganishe kwa kijiti chembamba cha shaba. Kisha upake vanishi ya maseremala, ile ya magamba ya kahawia inayoyeyushwa kwa spiriti, kwa sababu petroli haina ubavu nayo. Paka, acha ikauke kabisa, paka tena, mpaka kizibo king'ae kama tende. Lining'inize boya kwenye mkono wake, pindua mfuniko wa kabureta chini juu, uhakikishe boya linalala sambamba na ukingo. Likiinama upande mmoja, mota nayo itainama.

Nilipomaliza tuliitia pipani. Mama Kayitesi alikuwepo. Mota ikawaka kwa mvuto wa kwanza, ikanguruma kwa utulivu, na mafundi wakapiga makofi.

"Imepona," alisema Patroni. "Mpe aende."

"Haijapona, Patroni. Imenguruma."

"Tofauti yake nini?"

"Pipani haibebi mtu. Propela inakoroga maji yaleyale, haisukumi kitu. Sindano nikiiweka kwa sauti hii, itakuwa na njaa ikipewa boti iliyojaa. Lazima niirekebishie ziwani, watu wakiwa ndani."

"Na kila mwenye mota utamfuata ziwani?"

"Huyu nitamfuata."

"Mwajuma, barabarani kuna bariyeri. Kuna wanajeshi. Mota ikizimika ukiwa ndani, watasema ni gereji yangu. Ikizimika hupo, watasema ni kuukuu." Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana ilinichukiza. "Ukienda, usirudi."

Nikafuta bisibisi zangu moja moja, nikazifunga kwenye kitambaa. Niseme hapahapa ili msikae roho juu: Jumatatu nilirudi, nikaketi mezani kwangu, nikavuta karai. Hakuna aliyekuja kunitoa. Kuna amri zinazotolewa kwa kutumaini kwamba hutazipima.

Tulisafiri kwa pikapu ya wauza maziwa, waliokuwa wakirudi na makopo matupu. Kwenye bariyeri mwanajeshi kijana alitushusha, akataka vitambulisho, akavitazama kwa muda mrefu, kama ilivyokuwa kawaida ya siku zile. Halafu akakigeukia kifurushi changu. Akaliokota lile boya bovu, nililolibeba kama kielelezo.

"Hii nini?"

"Kizibo, afande."

"Chupa iko wapi?"

"Ilibaki kwa mapadri."

Akanitazama, akatazama kilemba changu, akashindwa kujizuia kucheka. Tukapita. Tulipopinda kona Mama Kayitesi akanigeukia. "Wewe," alisema, "siku moja mdomo wako utakuponza. Lakini si leo."

Siku ya soko tulikuta watu wamejaa kivukoni. Konseye alikuwa amesimama chini ya mwavuli, viatu vimepigwa rangi, na yule mfanyabiashara kando yake. Nikaeleza ninachotaka: boti ijae, maana mota isiyobeba mzigo haisemi ukweli. Watu wakatazamana. Nani anapanda boti ili ijulikane kama itazimika?

Bibi mmoja mwenye kuku wawili kikapuni alinisogelea. "Unajua kuogelea?"

"Sijui, nyanya."

"Vizuri. Basi mota utaifunga kwa akili." Akapanda, akaketi, akaweka kuku mapajani. Wengine wakafuata, na mihogo, na magunia ya maharage, mpaka ukingo wa boti ukakaribia maji.

Niliketi nyuma, uso nimeuelekeza kwenye mota, bisibisi mkononi. Mama Kayitesi akashika usukani. Tulipotoka kwenye matete akaongeza mwendo, na mota ikaanza kupiga chafya, palepale nilipotegemea. Boti ikasita. Mtu akaanza kusali. Nikaifungua sindano kidogo, chini ya robo ya mzunguko. Chafya zikapungua. Kidogo tena. Zikaisha, sauti ikawa nzito, na pua ya boti ikanyanyuka. Nikaendelea kidogo kusudi, mpaka moshi ukatoka na mota ikababaika, kisha nikarudi nyuma hadi mahali ilipoacha kubabaika. Ndivyo mnavyopata katikati: vukeni mpaka wa njaa, vukeni mpaka wa shibe, halafu mrudi. Anayeogopa kuvuka mipaka yote miwili hajui katikati iko wapi.

Tukafika ng'ambo, tukashusha, bibi wa kuku akakataa kushuka mpaka aone mwisho, tukapakia wengine, tukarudi. Kivukoni watu wakashangilia. Konseye hakushangilia.

"Mara moja ni bahati," alisema. "Serikali haitoi kivuko kwa bahati."

Mama Kayitesi alibaki amesimama ndani ya boti. Hakupandisha sauti. "Basi panda, bwana konseye. Serikali ijionee."

Bibi wa kuku akamshikia mwavuli. Konseye akavua viatu, akakunja suruali, akapanda. Watu wakajaa nyuma yake, wengi kuliko mwanzo. Safari hii hawakuhitaji kuombwa.

Mota ilikwenda vizuri. Nikaanza kufikiria nitakavyoomba, tukifika ng'ambo, tuizime ikiwa imechemka, karibu na ufuko, ili nifanye ule mtihani wa Mzee Rajabu. Nilikuwa sijaufanya. Boya langu la vizibo vya misa lilikuwa halijawahi kulala ndani ya kabureta ya moto na kuulizwa swali. Nilikuwa nimemwambia Mama Kayitesi habari ya mtihani huo mezani kwangu, wakati vanishi inakauka. Sikujua kwamba aliushika.

Katikati kabisa ya ziwa, pale alipokuwa akikwama kila siku, aliunyoosha mkono na kuizima.

Nilisikia maji yakigonga ubao. Konseye akashika ukingo kwa mikono yote miwili.

"Imekufa tena," alisema.

"Haijafa," alisema Mama Kayitesi. "Nimeizima mimi."

"Kwa nini?"

"Ili uone mtu anayeizima na mtu anayezimikiwa si mtu mmoja."

Akanitazama mara moja. Hakuwa ananiuliza. Nilitaka kumwambia asubiri, nifungue kabureta, nitazame kama inafurika. Lakini watu wote walikuwa wamegeuka kwetu, na nikaelewa kwamba nikigusa kitu sasa, hata kama itawaka, kivuko kimekwenda. Nikaweka bisibisi chini, mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona, nikakunja mikono.

Mama Kayitesi akaizungusha kamba kwenye gurudumu la mota bila haraka. Akavuta.

Ikawaka. Haikukohoa, haikutoa moshi, iliendelea tu kama mtu aliyekatizwa neno akalimalizia. Kuku wakapiga kelele, na baada yao ndipo watu. Mama Kayitesi hakusherehekea. Aliuacha mkono wake juu ya mota, akamwinamia konseye kidogo, kwa heshima kabisa.

"Bwana konseye, nikupeleke ng'ambo au nikurudishe?"

Konseye alizitazama nyuso za wanawake waliojaa botini, halafu miguu yake mitupu.

"Endelea na kazi yako, mama," alisema.